Glovu ndefu za nitraili za kupulizia dawa: uzoefu wangu

Hizi ni glovu za nitraili (aina ya mpira wa viwandani) zenye unene wa milimita 0.4 na urefu wa sentimita 33, hazina bitana ya kitambaa ndani. Ninazitumia kupima, kuchanganya na kupulizia dawa kwa bomba la mgongoni la lita 16, na kuoshea bomba lenyewe.

Thamani yake inaonekana zaidi wakati wa kupima. Kipimo kikiwa mililita 40 kwa lita 16, tone moja la chupani lina dawa sawa na matone 400 ya kwenye bomba. Tena zile dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini nyingi huwa zimeyeyushwa kwa kimiminika cha jamii ya mafuta ya petroli, ambacho hupenya upesi glovu nyembamba za hospitalini. Nitraili nene huhimili, ila si milele. Ikivimba, ikilegea au ikianza kunata, dawa inapita hata kama huoni tundu.

Zenye bitana ya pamba nazikataa kabisa, na za ngozi vilevile. Zikilowa dawa hazisafishiki, na kesho yake unaivalia dawa ya jana.

Kasoro yake ni vidole. Ukichukua saizi kubwa hutaweza kufungua nozeli (ncha ya bomba inayotoa dawa) iliyoziba, utavua glovu, na hapo ndipo mkono mtupu unapoloa. Chagua inayokaa sawasawa, na zibua nozeli kwa mswaki laini, kamwe si kwa kupuliza na mdomo.

Ukipulizia mimea mifupi, mkono wa ovaroli ufunike glovu. Ukipulizia miti, glovu ifunike mkono wa ovaroli na ukingo wake ukunjwe nje, la sivyo dawa itatiririka hadi kwapani.

Zioshe kwa sabuni ukiwa bado umezivaa, ndipo uzivue, kisha unawe mikono. Fanya hivyo hata unapokwenda haja: ngozi ya sehemu za siri hupitisha dawa mara nyingi kuliko ya mkono. Kabla ya kuzivaa tena, zijaze maji na uzikamue, tundu litajionyesha.

Msizitegemee kwa mvuke wa dawa. Huo unahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa, maana ile ya vumbi haiuzuii. Na mtu aliyeshika dawa za jamii ya organofosfati (viuadudu vinavyodhuru neva) akianza kutoka jasho jingi, mate, kutapika, au mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, mvueni nguo zenye dawa, mwosheni kwa maji mengi, mkimbizeni hospitali pamoja na lebo ya dawa. Anayemwosha naye avae glovu.

Zikichoka nazikata vidole kabla ya kuzitupa. Nzima huokotwa, na mwokotaji hajui zilishika nini.