Kurusha mazishi mubashara kutoka Kibosho: walichotufanyia vizuri na walichotukosea

Tangu tumzike mama yetu Kibosho, huku juu ya mji wa Moshi, mwezi wa pili, watu wa Moshi na hata wa Arusha wananiuliza habari za wale vijana waliorusha mazishi mubashara: wanatoza kiasi gani, na kama kazi yao inafaa. Nimeona nijibu kwa kirefu mara moja. Msiba haumpi mtu muda wa kuzunguka kuulizia bei. Jirani anakupa namba, unapiga, mnaelewana kwa simu, na mengine mnayakuta hukohuko mbele. Jina la kampuni yao sitaliandika, maana walichotukosea tulikaa nao chini tukakimaliza.

Tulielewana laki sita na nusu: kamera mbili, mtu wa sauti, kurusha YouTube kuanzia mwili unapoingia nyumbani hadi kuweka mashada, na flashi mbili za kumbukumbu. Droni ni laki na nusu juu ya hiyo. Baadhi ya wazee kwenye kamati ya mazishi waliona kurusha mazishi ni anasa. Mimi nilikung'ang'ania kwa ajili ya dada yetu mkubwa aliyeko Minneapolis, Marekani. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajajibiwa, na utaratibu wa kule ni kwamba mwombaji kama yeye akitoka nchini bila kibali maalumu cha kusafiri, ombi lake linahesabika ameliacha. Miaka yote aliyosubiri ingepotea. Kwa mtu wa kwingine labda hilo si zito sana, atakuja kulitembelea kaburi siku nyingine. Lakini kwetu Uchagani marehemu huletwa kihambani, kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, hata akifia Mwanza au Mtwara, watu husafiri usiku kucha nyuma ya jeneza, na mtoto wa kwanza asipotupa udongo anabaki na jambo hilo moyoni. Dada alikuwa akilia kwenye simu, hana neno jingine ila, "Nani atanitupia udongo?"

Vijana walifika siku moja kabla ya mazishi kupima mtandao. Wenzake wakihangaika na nyaya, kijana mmoja wa kamera alinifuata jikoni nilipokuwa na akina mama wa jumuiya tukimenya ndizi. "Shikamoo mama. Pole sana. Nani hatakuwepo kesho, na angependa kuona nini?" Katika shughuli zote za siku zile, za turubai, za jeneza, za chakula, za magari, hakuna aliyeniuliza swali la maana kuliko hilo. Nilimpigia dada palepale, nikampa kijana simu. Dada alimwambia anataka kuona njia ya kuingilia nyumbani kutoka barabarani, jiko la nje la mama, ng'ombe, na mfongo, mfereji wetu wa maji, unaopita nyuma ya nyumba, alikokuwa akitumwa maji utotoni.

Kesho yake mapema, kabla maturubai hayajajaa, kijana yule alitembea na kamera polepole kutoka barabarani, akapita kati ya kahawa na migomba, akaonyesha jiko likifuka moshi, ng'ombe bandani wakitafuna majani ya migomba, maji ya mfongo yakitiririka. Hakuweka muziki wala hakusema neno. Unasikia majogoo na akina mama wakizungumza Kichaga kwa mbali. Kipande hicho kilitangulia misa, na dada anasema hapo ndipo alipopata nguvu za kutazama yaliyofuata. Kwake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, giza na theluji nje. Kwetu saa nane mchana, jua kali la Februari.

Ilipofika zamu ya kutupa udongo, baba mdogo alichota konzi ya pili akasema kwa sauti, "Huu ni wa mwanangu aliye Marekani." Kamera ilikuwa kwenye mkono wake tangu alipoinama hadi udongo ulipotua juu ya jeneza. Hakuna aliyemwelekeza kijana, alikuwa amelikumbuka mwenyewe. Baadaye kaburi lilipokwisha kufukiwa, akakaa kwa muda kwenye masale yaliyopandwa upande wa kichwa, jani letu la amani na la kusameheana, hadi mtu wa mbali akaliona vizuri. Jioni ile dada alinipigia akaniambia amemzika mama. Kwa hilo peke yake sijutii laki sita na nusu.

Mtu wa sauti naye apewe haki yake. Alichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya spika badala ya kutegemea kamera, na akamvalisha padri maiki ndogo. Nimetazama mazishi mengi mtandaoni ambayo unasikia upepo na jenereta tu. Hapa kila jina la mjukuu lililosomwa kwenye historia ya marehemu lilisikika hadi Muscat, kwa binti wa mjomba anayefanya kazi za ndani. Bosi wake hakumpa ruhusa, kwa hiyo alisikiliza kwa vifaa vya masikioni huku anapiga pasi. Yeye aliniambia hakuona sana, ila alizisikia nyimbo zote, akaimba nazo kimyakimya.

Mtandao ulitusumbua, na hapa nieleze vizuri kwa sababu wengi wanadhani ukinunua bando kubwa umemaliza. Kurusha picha safi ya kiasi, ile ya 720, kunahitaji kama megabiti 3 hadi 4 kila sekunde za kupandisha, na kunakula karibu GB 2 kwa saa. Uwanja ulipokuwa mtupu kipimo kilivuka hapo bila shida. Siku yenyewe walikuja mamia ya watu, kila mmoja na simu mkononi, wengine wakirusha wenyewe Facebook, na wote wanategemea mnara mmoja ulio ng'ambo ya korongo. Bando letu lilikuwepo, ila nafasi kwenye mnara ndiyo iliyogombaniwa. Katikati ya historia ya marehemu picha ikaganda, dada akaniandikia, "Simwoni mama." Kifaa chao kilikuwa na laini ya mtandao mmoja tu. Kijana wa kamera akaomba simu yangu, yenye laini ya mtandao mwingine, akaunganisha, picha ikarudi. Msemaji wa familia naye akawaomba watu wazime data hadi misa iishe, na watu wakatii. Mkiwaita, walazimisheni waje na laini za mitandao miwili, na tangazo hilo la kuzima data litolewe mapema, kabla picha haijaganda.

Kingine ambacho hatukuambiwa ni kwamba YouTube inachelewa. Mnachokifanya nyumbani kinaweza kumfikia mtazamaji nusu dakika baadaye. Dada alikuwa amenipigia WhatsApp huku anatazama, akasikia vilio kwenye simu wakati kwenye picha jeneza bado halijashushwa. Alichanganyikiwa vibaya, ikabidi shemeji akate simu. Mtu wenu wa mbali achague kimoja, na aambiwe hivyo kabla.

Droni sikuitaka, kaka yangu ndiye aliyeitaka. Kuirusha Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Niliwaomba karatasi, sikuonyeshwa. Na hata ingekuwa na kibali, hakuna ilichokiona. Kihamba ukikitazama kutoka juu ni majani matupu: miti mikubwa, chini yake migomba, chini kabisa kahawa. Kwenye video kuna vichwa vya maturubai, kijani kitupu, na kilele cha Kibo. Ikapita juu yetu padri akilibariki kaburi, ikivuma hadi katekista akawapungia mkono waishushe. Laki na nusu hiyo ingetosha kununulia sukari na mchele wa wageni waliolala.

Sasa lalamiko lenyewe. YouTube inaruhusu video ionekane kwa aliyepewa linki peke yake, na ndivyo tulivyoelewana. Linki niliwatumia dada, binti wa mjomba, na ndugu wachache walio vitandani. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo sikuiweka, tena kwa makusudi. Nimeona misiba ya karibuni. Linki ikishawekwa kwenye kundi, mtu aliyeko Arusha, kilomita kama 80 tu, mabasi na Noah za kumwaga, anaandika "tuko pamoja mtandaoni" na anabaki kwake. Hata wa Majengo na Pasua, mitaa ya Moshi mjini, ambaye bodaboda inamfikisha Kibosho kabla chai haijapoa, anatuma viganja vilivyoshikamana na uso unaolia, kisha anaendelea na shughuli zake. Baba yetu hana simu janja. Viganja vile na nyuso zile hakuziona hata moja. Aliyekuja akakaa naye barazani, akanyamaza naye, akamsaidia kuvuta kiti ajiegemeze, huyo ndiye baba anayemtaja hadi leo. Nilitaka walio karibu wasipate pa kujifichia, waje wabebe maji, wachochee moto, walale chini na wafiwa kama tulivyolelewa.

Jioni baada ya mazishi mpwa wangu ananiletea simu: mama yuko hadharani kwenye chaneli yao. Picha ya mbele ni uso wa shangazi yetu akilia, na juu yake maandishi mekundu, VILIO VYATAWALA. Kwenye maoni, katikati ya pole za watu, waganga wametangaza namba zao. Mtu tusiyemjua alikata kipande ambacho shangazi anaanguka, kitenge kikimlegea, akakiweka TikTok na wimbo wa huzuni. Shangazi ana miaka zaidi ya 70. Ni mwanamke ambaye parokia nzima humwamkia kwa heshima. Mjukuu wake ndiye aliyemwonyesha. Alitazama hadi mwisho, akauliza, "Watu wameniona hivi?" Msiba uliofuata kijijini hakutoka ndani kwenda turubaini, alikaa chumbani na mfiwa, mlango umefungwa.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha. Kwetu mwanamke aliyefiwa alikuwa na ruhusa ya kuanguka. Wenzake walimzunguka, walimfunga kitenge vizuri, walimnyanyua, na likaishia hapo, hakuna atakayemkumbusha. Sasa akina mama wanaingia msibani wanaangalia kwanza kamera iko wapi. Nimewaona wakijizuia. Nimemwona binamu yangu akijipangusa uso haraka kabla ya kusogea kwenye jeneza la mama yangu, na namfahamu, mama ndiye aliyemsomesha.

Nilienda ofisini kwao mjini. Mwenye kampuni alinisikiliza, kisha akaniambia misiba ndiyo inayoikuza chaneli, na kwamba ndiyo maana bei yao iko chini ya wengine. Nikamjibu kwamba kama bei ilipunguzwa kwa machozi ya shangazi, tungeambiwa mapema, tungeongeza kiasi kilichopunguzwa. Nikamkumbusha pia kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na sura ya mtu haiwi mali ya kampuni kwa sababu tu mtu huyo alisimama mbele ya kamera yao. Aliomba radhi, video ikaondolewa nikiwa nimekaa palepale. Kile cha TikTok tuliripoti familia nzima, kila mmoja kwa simu yake, hadi kikatolewa.

Kijana wa kamera nilimkuta nje ananisubiri. "Mama, mimi sikujua wataiweka." Namwamini. Aliyeshika kamera kwa ajili ya dada yangu na aliyeibandika mama kwenye chaneli ni watu wawili tofauti ndani ya kampuni moja, na mkiwaita mtawapata wote wawili kwa bei hiyohiyo. Kwa hiyo mwombeni huyo kijana kwa sura na jina, atumwe yeye. Picha zake baba anazitazama kwenye televisheni ya jirani, hasa ile ya asubuhi, akimwonyesha kila mgeni jinsi mama alivyokuwa akipanga kuni zake.

Makubaliano yaandikwe kwenye karatasi, yasainiwe na mtu wa kamati: linki ya siri, sehemu ya maoni ifungwe, hakuna kuvuta uso wa anayelia, hakuna picha ya mbele bila familia kuiona. Kama mna mgonjwa au mtu wa nje, linki yake mpeni mtu mmoja wa familia aigawe, asiwe mpiga picha. Droni wakataeni. Na kianzio kisizidi nusu. Sisi salio lilikuwa bado kwetu siku ile nilipoenda ofisini, na nilimlipa mwenye kampuni lote, baada ya kuona kwa macho yangu kwamba video haipo tena.