Wiki Nane Kwenye Mikutano ya Klabu ya Huduma: Uzoefu Wangu

Katika wiki nane nimehudhuria mara saba. Ile moja niliyokosa, ya nne, ilinitoza faini, tena nikiwa bado mgeni ambaye jina lake halijaingia kwenye daftari la wanachama. Nilipouliza kosa langu, mtunza nidhamu alitikisa kopo la sarafu mbele ya pua yangu akasema, "Umetufanya tukukumbuke bila ruhusa." Watu wakacheka, nikalipa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuipenda klabu hii, maana zile wiki tatu za mwanzo nilikuwa nikirudi nyumbani nikijiuliza nilifuata nini.

Jina la klabu silitaji, wala mtandao iliyomo, kwa sababu nina malalamiko yangu na sioni haja ya kumwaibisha mtu. Ni klabu ya kuhudumia jamii katika mji mdogo, wa aina ile ambayo ukipiga chafya sokoni utapewa pole benki. Wanachama hawafiki thelathini. Wanakutana kila Alhamisi saa moja jioni.

Na ni saa moja kweli. Siku ya kwanza niliingia saa moja na dakika saba nikidhani nimewahi. Nikakuta kengele imeshagongwa, watu wameshasimama na kukaa, na katibu anasoma majina ya waliotoa udhuru. Viti vilivyobaki vilikuwa vya mbele tu, kwa hiyo nilipita katikati ya ukumbi mzima nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Wanaopenda kuchelewa nawaonya mapema.

Mpangilio wenyewe hauna siri: udhuru, kutambulisha wageni, kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo (yaani kufuatilia yaliyoahidiwa kikao hicho), taarifa za kamati, mzungumzaji wa jioni, mengineyo, kufunga. Yote huchukua muda wa saa moja na nusu, ikizidi ni dakika chache. Ingekuwa saa moja tu kama si zile salamu. Kila anayesimama anaanza kwa kumtaja rais wa klabu, rais mteule, kisha marais wastaafu. Sasa fikiria: klabu hizi hubadilisha rais kila mwaka. Klabu ikishafikisha miaka ishirini, nusu ya ukumbi ni marais wastaafu, na mtu aliyesimama kutangaza kwamba bomba la zahanati limepasuka anawapitia wote kabla ya kufika kwenye bomba. Hilo ni lalamiko la kwanza.

La pili ni ada. Niliuliza mara tatu mwanachama analipa nini na nini, na mara zote nikajibiwa "tutaongea". Mwishowe mweka hazina alinikalisha akanieleza vizuri: kuna sehemu ya klabu yenyewe, kuna inayokwenda makao makuu ya mtandao, kuna chakula cha jioni ya mkutano, halafu kuna kopo la faini ambalo halina kiwango. Maelezo hayo yalichukua dakika nne. Sijaelewa kwa nini yalihitaji wiki tano. Ukienda kwenye klabu yoyote ya namna hii, muulize mweka hazina siku ya kwanza, usimuulize mtu mwingine.

Wazungumzaji walikuwa wa kubahatisha. Mmoja alikuja na slaidi nyingi kuliko dakika alizopewa. Bora kuliko wote alikuwa muuguzi aliyezungumzia polio, jambo ambalo klabu hizi zinalijua kwa karibu, kwani Rotary, mtandao wa klabu za huduma ulioenea duniani, ilianzisha kampeni yake ya dunia nzima ya chanjo hiyo mwaka 1985. Alisema mwaka 1988 ugonjwa huo ulikuwa ukipoozesha watu wanaokadiriwa kuwa 350,000 kwa mwaka, katika nchi zaidi ya 125, na tangu hapo umeshuka kwa zaidi ya asilimia 99. Lakini takwimu hizo hazikutunyamazisha. Tulinyamaza alipoinua kichupa kitupu na kueleza kwamba matone mawili ya chanjo hayana maana yoyote kama hayakutunzwa kwenye baridi njia nzima, hadi kwenye mlango wa nyumba ya mwisho kijijini. Mtu akauliza klabu ndogo kama hii inaweza kufanya nini. Akajibu, "Kubeba sanduku la barafu." Akakaa chini. Kuanzia siku hiyo slaidi zimeniishia hamu kabisa.

Baada ya mikutano huwa nakaa na mzee mmoja, katika wale marais wastaafu, ambaye anajua historia ya klabu hizi kama anavyojua ukoo wake. Ndiye aliyenieleza kwamba Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, watu wanne katika ofisi ya mmoja wao: Paul Harris, wakili, Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, mshona nguo. Mikutano ilizunguka kutoka ofisi ya huyu kwenda ya yule, na jina likatokana na mzunguko huo. Lions, mtandao mwingine wa klabu za huduma, nao walizaliwa mji huohuo mwaka 1917. Kilichonishangaza ni sababu. Harris alikulia kwa babu na bibi yake katika mji mdogo wa jimbo la Vermont, na alipofika jiji kubwa akakosa ule ujirani wa kusalimiana kwa majina. Kwa hiyo klabu hii iliundwa jijini na mtu aliyekuwa na hamu ya mji mdogo, na sisi tuliomo ndani ya mji mdogo ndio tunaokaa Alhamisi tukiiga dawa ya upweke wake. Mzee alicheka nilipomwambia hivyo. Akasema mji kuwa mdogo hakumaanishi watu wanaongea.

Alinikumbusha pia kwamba kwa miongo mingi milango hiyo ilikuwa ya wanaume tu. Klabu ya Duarte huko California ilivuliwa uanachama wa Rotary kwa kuwapokea wanawake watatu, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1987 majaji wakaamua kwamba hawawezi kukataliwa. Miaka miwili baadaye Rotary ikabadilisha kanuni zake. Rais wetu wa sasa ni mama, mwalimu mstaafu, na ndiye anayegonga kengele saa moja kamili bila kuangalia nani yupo. Sijaona mwanamume wa kumwambia asubiri kidogo.

Sasa kuhusu hili la kila wiki, maana ndilo swali nililoulizwa zaidi na rafiki zangu: kweli kuna haja ya kukutana mara nne kwa mwezi? Kwenye mengineyo ya wiki ya sita suala hilo liliibuka. Vijana walitaka mara mbili kwa mwezi, wakataja kwamba tangu 2016 hata Rotary inaziruhusu klabu zake kupunguza hadi hapo. Mimi moyoni nilikuwa upande wao. Kisha nikakumbuka ngazi.

Kamati ya majengo ilikuwa inataka kurekebisha mfereji wa paa la maktaba, unaomwaga maji kwenye rafu za vitabu vya watoto. Ilihitajika ngazi ndefu, na mwanachama mmoja, fundi wa redio, aliahidi kuiazima kwa shemeji yake. Wiki ya kwanza, kwenye yatokanayo: hajamwona shemeji. Ya pili: amemwona, lakini alikuwa na wageni. Ya tatu aliposimama, ukumbi mzima ulikuwa unatabasamu kabla hajafungua mdomo, naye akasema kwa sauti ndogo kwamba amesahau, akatembea mwenyewe hadi kwenye kopo. Wiki ya tano, nilipofika huku faini yangu ikinisubiri, ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani nje.

Laiti wangekutana kila baada ya wiki mbili, ngazi hiyo ingekuwa bado kwa shemeji. Siku saba zinatosha mtu kutimiza ahadi na hazitoshi wenzake kuisahau. Ndiyo maana nawashauri wageni wasiende kwa ajili ya mzungumzaji. Nendeni kwa ajili ya yatokanayo, ile sehemu ambayo wengine wanatoka kwenda kupokea simu.

Hoja ya vijana, nisisahau kusema, iliahirishwa mpaka kikao kijacho.

Nilipokuwa naandika haya nikakumbuka maswali manne ambayo wanachama wa Rotary hujiuliza kabla ya kusema au kutenda, aliyoyaandika mfanyabiashara Herbert J. Taylor mwaka 1932: je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote? Je, kitajenga nia njema na urafiki? Je, kitawafaa wote? Kwa habari ya lalamiko langu la zile salamu, swali la tatu limenikwamisha. Nimeliacha humuhumu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ada na marais wastaafu, nikimwondoa mzee wangu.

Fomu ya uanachama nimeshajaza, mdhamini ninaye. Na kwenye yatokanayo ya Alhamisi hii jina langu limo: niliahidi kumuuliza jirani yangu kama atatuazima mkokoteni wa kubebea mchanga. Leo ni Jumanne. Nimemwona mara mbili, alikuwa na haraka.