TAHADHARI: Muuzaji wa ovaroli za maji anayetuma mizigo kwa basi kuja Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa kina mama wa mwani, wachokoaji wa pweza na vijana wa mashamba ya chumvi, naomba msome hadi mwisho. Kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza ovaroli za maji, zile za plastiki nzito zinazofika kifuani, zenye gambuti zilizounganishwa miguuni. Anasema yuko Dar na mzigo anatuma kwa basi. Msimtumie pesa. Mimi nilimtumia, na pesa haikuwa yangu peke yangu.

Kikundi chetu tuko saba, tunalima mwani upande wa Mikindani. Anayeijua kazi hii anajua hali ilivyo. Siku za bamvua maji yakitoka unaingia, unainama humo saa tatu au nne, na yakirudi yanakukuta bado unafunga taitai, zile kamba ndogo za kushikia mwani. Wenzangu wawili miguu inawawasha usiku kucha. Mwingine alikanyaga vile viumbe vya mviringo vyenye miiba mirefu myeusi, miiba ikakatikia unyayoni. Ndiyo maana tukakubaliana kutoa kwenye mfuko wa kikundi, tununue ovaroli mbili tupokezane.

Wauzaji wengine walitutajia 140,000 kwa moja. Huyu akasema 85,000, mpya, haijavaliwa, na akaongeza kwamba hata mwiba wa taa, yule samaki bapa anayejificha mchangani, haupiti. Alitaka nusu kwanza. Kesho yake akanitumia picha ya risiti ya basi akisema gari linaondoka, malizia sasa hivi. Jina lililotokea kwenye simu nilipotuma halikuwa lile analotumia kwenye grupu. Nilipouliza akajibu, "Ni laini ya mke wangu, dada, usiwe na wasiwasi." Nikamalizia 170,000 yote.

Mzigo ulifika stendi ya Mkanaledi na nauli yake nikadaiwa mimi, ingawa alisema ameilipa. Mfuko ulikuwa mpya na unang'aa. Kwa macho ya haraka mchana ule sikuona kasoro.

Tuliziona baharini. Mwenzetu aliingia mpaka kiunoni, hata robo saa haikupita akaanza kuita kwamba mguu mmoja umekuwa mzito. Maji yalikuwa yameingia na kujaa kuanzia kwenye gambuti hadi pajani. Watu husema ovaroli likijaa maji linakuvuta chini. Maji ndani ya maji hayakuzamishi hivyo, lakini kutembea huwezi, na kutoka majini kupanda juu huwezi, maana unainua yale maji yote pamoja na mguu wako. Tulimshika mikono wawili, tukamtoa kwa kumburuza. Wakati huo bahari yenyewe ilikuwa inajaa. Mpaka leo nikikumbuka uso wake nasikia vibaya, kwa sababu mzigo ule nilimletea mimi.

Usiku nilizima taa chumbani, nikaingiza tochi ya simu ndani ya mguu wa ovaroli. Kwenye mshono wa kati ya miguu vilitokea vitundu vya mwanga, vingine vimepangana mstari mzima. Nikapitisha ukucha juu ya mshono, gundi ikabanduka kama ngozi ya kitunguu, na chini yake kuna utepe wa kijivu wa zamani, umechakaa. Hilo ni ovaroli lililovaliwa na mtu, likapasuka, likapakwa gundi na kukunjwa upya. Kwenye gambuti kulikuwa na kibandiko cha 42. Nilipokibandua, chini yake plastiki yenyewe ina namba 40. Ndiyo maana mwenzetu vidole vilikuwa vinambana.

Nilimtumia picha. Akasema nipeleke kwa fundi baiskeli. Nilipeleka kweli. Gundi ya tyubu inashika mpira, plastiki hii haiishiki, kiraka kilibanduka siku ya pili. Nilipomrudia alikuwa amenifungia namba, na kwenye grupu amenitoa. Wiki hiyo hiyo tangazo lake nililiona kwenye grupu lingine la watu wa Lindi, picha zile zile.

Kuhusu samaki taa nasisitiza, maana uongo ule unaweza kumuumiza mtu. Mwiba wa taa unapita plastiki hii, unapita hata gambuti nyepesi. Endeleeni kuburuza miguu mchangani kama tulivyofundishwa na wazee, taa akimbie kabla hujamkanyaga. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na uende hospitali.

Kama bado unataka ovaroli na pesa ni ya kubana, nunua kwa mtu ambaye utalishika kabla ya kulipa. Ligeuze nje ndani, tazama mshono wa kati ya miguu na pale gambuti linapoungana na suruali, hapo ndipo panapoanza kuvuja. Mshono ulioyeyushwa kwa joto ni bapa na haubanduki kwa ukucha. Liwe na mkanda wa kiunoni, na mkanda ufungwe kila unapoingia, ukianguka maji yasishuke yote miguuni. Chukua gambuti kubwa kidogo kuliko kiatu chako, uvae soksi nene. Tazama na soli pia. Soli laini inateleza kwenye miamba yenye majani, chagua yenye meno ya kina. Zile nene za sponji waachieni wa nchi za baridi, kwa joto letu utatoka umelowa jasho.

Na kama maji yako hayapiti goti, ovaroli la nini? Gambuti za kawaida za dukani unazijaribu pale pale, ni nafuu, na kwa mashamba ya chumvi zinatosha kabisa. Sisi sasa tumerudi kwenye gambuti na soksi, na kina kikizidi tunasubiri maji yatoke zaidi.

Ukilazimika kuagiza, mwambie ukweli muuzaji kwamba utalipa mzigo ukifika na ukishaukagua stendi. Akikataa, mwache. Jina linalotokea kwenye simu likitofautiana na la muuzaji, usibonyeze namba ya siri. Namba yake nimeshairipoti kwa kutuma ujumbe 15040, na polisi nimepata RB.

Jumatatu narudi polisi na ovaroli zote mbili. Kama nawe umepokea lenye utepe wa kijivu chini ya gundi, au kibandiko cha namba juu ya namba nyingine, usilitupe. Tunza risiti ya basi na ujumbe wa malipo, niandikie hapa chini, twende pamoja.