Mwajiriwa au mtoa huduma wa kujitegemea? Tofauti chini ya sheria za Tanzania

Mwajiriwa analipwa mshahara. Mwajiri hukata PAYE (kodi ya mapato ya mshahara) na kupeleka asilimia 20 ya mshahara NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo mfanyakazi hachangii zaidi ya nusu yake. Ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa.

Mtoa huduma hutoa ankara. Mteja hukata kodi ya zuio, yaani asilimia 5 ya malipo yake, basi. Likizo, bima na vifaa ni juu yake, lakini bei anajipangia na wateja wengine anaruhusiwa.

Ugomvi huanzia kwenye karatasi. Mkataba unaweza kuandika "mkandarasi" na bado mtu akahesabiwa mwajiriwa, kwa kuwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 huangalia hali halisi: nani anampangia saa na namna ya kufanya kazi? Vifaa ni vya nani? Anamtegemea mteja mmoja kiuchumi? Je, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Jibu moja tu linaloonyesha ajira linatosha kumdhania mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Aliyeachishwa ana siku 30 kufungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi). Chelewa, uanze kwa kuomba kuongezewa muda.