Una mbuna mkorofi? Hawa ndio wa kumuwekea, na hawa waache hukohuko dukani

Kama unafuga mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wa kwenye tangi la kioo, na mmoja wao ni auratus, unajua naongelea nini. Yule samaki wa njano mwenye mistari myeusi, akikua anafika kama sentimita 10 tu, dukani anaonekana mpole kama kifaranga halafu miezi sita baadae amekuwa mbabe wa mtaa mzima. Mimi nilinunua wanne nikaambiwa wote majike, na kweli wote walikuwa njano, kumbe auratus wakiwa wadogo wote wana rangi ya jike, dume anageuka mweusi akianza kukomaa. Wakageuka wawili. Wiki hiyohiyo akabaki mmoja, na jike mmoja akahamia kona ya juu nyuma ya filta ya kuchuja maji, mapezi yamechanika kama kanga kuukuu.

Kwahiyo hapa naongea na mtu ambaye tayari ana mkorofi wake na sasa anataka kuongeza wenzake bila kila Jumatatu kutoa maiti. Mbuna ni samaki wa kwetu kabisa, wanatoka ziwa Nyasa kwenye miamba, na ni ukoo mmoja na perege na sato unaowala na ugali. Kama umewahi kufuga perege ukaona dume anavyolinda shimo lake basi hasira ni ileile, tofauti ni kwamba bwawani anayefukuzwa ana pa kukimbilia, kwenye kioo hamna.

Na kabla sijapanga namba, elewa kitu kimoja maana ndio kila kitu: dume la auratus halitulii kwa kupewa rafiki wawili watatu, ukifanya hivyo umempa watu wa kupiga tu. Unachotakiwa ni kujaza samaki mpaka ashindwe kumkazania mmoja, anamfukuza huyu, anakatiza yule, anasahau alikuwa anamfukuza nani. Tangi la futi nne, yaani 120 kwa 45 kwa 45, linachukua kama lita 240, hapo naweka mbuna 20 mpaka 25 na mawe yamepangwa mpaka karibu na juu. Ndio, wanabanana kidogo, ndio maana filta iwe kubwa kuliko ile muuzaji anayokuambia inatosha na kila wiki utoe theluthi ya maji uweke mapya. Kama huna muda wa ndoo za maji hii biashara achana nayo, fuga kuku.

Namba moja kwangu ni ngogo, wale kambale wadogo wa ukoo wa synodontis. Sijaona mwenza bora. Ana miiba, ana ngozi ngumu, mchana amejibanza chini ya jiwe na usiku wababe wakilala yeye ndio anatoka kula mabaki, kwahiyo hawagombanii kitu. Wanunue watatu au zaidi, mmoja peke yake anajificha mpaka unasahau kama unaye. Kwenye biashara wanaotembea sana ni petricola na multipunctatus, wote wa ziwa Tanganyika, na hao wanafaa kwa sababu maji ya Tanganyika nayo ni ya alkali kama ya Nyasa. Multipunctatus ana kituko chake: mbuna jike anabeba mayai mdomoni kama wiki tatu, sasa huyu kambale anapita katikati ya mbuna wanaotaga anaachia mayai yake, jike anazoa yote anadhani ni yake, vitoto vya kambale vinaanguliwa mapema vinakula wenzao humohumo mdomoni. Mama wa watu anakuja kutema watoto wana sharubu. Kama lengo lako ni kuzalisha mbuna uuze, chukua petricola. Na kuwatoa usitumie wavu, miiba inanasa, tumia chombo cha plastiki.

Namba mbili, mbuna wengine wenye ubavu lakini wasiofanana naye. Hili neno wasiofanana ndio watu wanalipuuza. Dume anampiga zaidi yule anayemuona kama mpinzani wake, na anamtambua kwa rangi na mistari. Mwenye mistari ya kulala usimuwekee mwingine mwenye mistari ya kulala. Chaguo langu ni estherae, yule wa rangi ya chungwa wanayemuita red zebra, ana mwili mnene kuliko auratus na akichokozwa anajibu. Nunua dume mmoja na majike matatu au manne, sio jozi, jozi ya mbuna ni hukumu ya kifo kwa jike. Kenyi naye ana ubavu, na yeye anachekesha maana dume ni njano na majike ni bluu, ila wababe wawili kwenye tangi moja mimi nimeshachoka, labda uwe na futi sita.

Namba tatu ni labido wa njano, anaitwa yellow lab. Ni mzuri, mpole kwa kiwango cha mbuna, hachoshi macho. Shida ni kwamba majike na watoto wa auratus nao ni njano, anaweza akapata kipigo kisicho chake. Anafaa kama ametangulia kuingia, wakiwa sita kwenda juu, na auratus akaja wa mwisho. Hii ya mpole kwanza mkorofi mwisho ifanye kwa samaki wote. Kama mkorofi ameshajimilikisha tangi tayari, mtoe umuweke kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, pangua mawe yote uyapange upya, ingiza wageni, zima taa, ndio umrudishe. Anakuta mtaa haujui.

Demasoni nampa namba nne na naumia kumpa hiyo namba maana ndio mbuna ninayempenda kuliko wote, bluu na mistari myeusi ya kusimama, mdogo, na ni wa upande wetu wa Tanzania, miamba ya Pombo (sio pombe). Lakini nunua 12 kwenda juu au usinunue. Wakiwa watano wanauana wao kwa wao mpaka anabaki mmoja, hata auratus hahitajiki. Kumi na mbili kwa mkupuo mfuko unalia.

Bristlenose, kambale mdogo wa kulamba kioo, naye anaishi, ana gamba, mpe pango lake. Basi, hana stori.

Sasa wa kuwaacha. Peacock ataonekana ndio mwenyewe maana naye ni wa Nyasa, ila ni mpole na anakula wadudu wa kwenye mchanga wakati mbuna ni watu wa majani, ukiwapa mbuna chakula chenye nyama nyingi wanavimba tumbo na kufa, kwahiyo hapo unalisha nani? Venustus anauzwa akiwa mdogo na anafika sentimita 25 na kumeza majirani. Oscar anapita 30, na ni wa Amerika Kusini huko. Goldfish na mapezi yake marefu ya harusi, guppy, angelfish, hao ni kitoweo.

Maji usiumize kichwa sana. Maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, ndio wanayoyataka, pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 7.7 na 8.6. Kama yako ni laini weka vipande vya matumbawe mafu kwenye filta, na ya bomba yalaze siku nzima klorini itoke.

Cha mwisho, ule mfuko wa mbuna ulioandikwa "mchanganyiko" usinunue hata ukiwa bei ya bure. Hujui dume nani, hujui mama yake nani, nilishauchukua mara moja, kati ya wanane watano walikuwa auratus.