Filta ya hezi 250 niliyouziwa kwa jina la 500

Kama redio yako ina nafasi moja tu ya filta ya ziada, kile kichujio kinachopitisha kipande chembamba tu cha masafa, na unapiga Morse kutoka pwani hii yetu, usikubali kupewa filta ambayo hukuiomba. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishaanza kueleza yaliyonipata, hasira itanipeleka mbali.

Mimi naishi Tudor, Mombasa, ni mtu wa redio ya ridhaa, leseni yangu ya 5Z4, alama ya stesheni za Kenya, ni halali na nailipia. Redio yangu ni ya Kijapani, si mpya, na ilikuja na filta ya upana wa kilohezi 2.4, ile ya kusikilizia maneno. Kwa Morse upana huo ni mateso. Usiku kwenye bendi ya mita 40, kati ya megahezi 7.000 na 7.040, Ulaya nzima iko pale. Unasikia stesheni nne tano kwa mpigo, kila moja na mlio wake, na unayemtaka ni yule dhaifu kuliko wote. Ndipo nikatafuta filta ya hezi 500. Sikubahatisha namba hiyo. Ukitoka kilohezi 2.4, yaani hezi 2,400, ukaja 500, kelele inayoingia inabaki kama sehemu moja ya tano, yaani unajipatia unafuu wa karibu desibeli 7 bila kugusa antena. Ukitoka 500 ukashuka hadi 250 unaongeza desibeli 3 tu, na hizo tatu zina bei yake, nitaieleza.

Yote haya nilimweleza muuzaji. Duka liko mjini, upande wa Mwembe Tayari, jina silitaji. Huagiza vipuri vya redio kutoka nje kupitia watu wake. Nikamwandikia kwenye karatasi: hezi 500, ya saketi ya kilohezi 455, yale masafa ya ndani ya redio ambako filta hukaa. Akaisoma, akaitia mfukoni, nikalipa nusu. Baada ya kungoja sana na kupiga simu zisizopokelewa, kikaja kijisanduku cha bati cha kuingia kiganjani, juu yake stika nyeupe iliyoandikwa 500 kwa kalamu. Nikamaliza deni.

Kuifunga si kazi kubwa. Shida ilikuwa skrubu za kifuniko tu, zimeliwa na kutu, maana chumvi ya bahari hapa haisazi kitu. Ukishafungua, unachomeka pini mahali pake kwenye bodi, basi.

Nikawasha. Mwanzo nilifurahi kweli, kelele ilikatika nikasikia kimya ambacho redio ile haijawahi kunipa. Halafu nikaanza kuona mambo. Nikigusa nobu ya masafa kidogo tu, stesheni imetoweka. Haififii polepole, imekwenda. Kisha radi ikaanza upande wa bara, na kila mpasuko wake, badala ya kupita na kuisha, ukawa unalia kama glasi iliyogongwa kijiko: mlio mrefu, tena kwa sauti ileile ninayoitegea ya Morse. Filta ndiyo ilivyo. Kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyochelewa kunyamaza baada ya kupigwa na kishindo, na kishindo kimoja kinageuka mlio unaofunika nukta za mwenzako. Kwa mtu wa Ulaya kaskazini huenda si neno. Sisi tuna masika, tuna vuli, tuna tuktuk zisizozimwa nje ya dirisha. Na ule ukavu wa kaskazi chumvi inaganda juu ya vikombe vya nguzo za stima mpaka vinachechemka usiku kucha, hadi mvua ije ivioshe. Filta nyembamba kupita kiasi haiondoi vishindo vya namna hiyo, inavifanya viimbe.

Kilichonifungua macho kabisa ni nilipoita mimi. Kenya iko zoni 37 kwenye CQ World Wide, mashindano ya redio ya ridhaa yanayoigawa dunia kwa zoni, na yale ya Morse ya mwishoni mwa Novemba mtu wa huku hutafutwa kwelikweli, zoni yenyewe haina watu wengi hewani. Ukiita mara moja wanakuja kwa kundi. Lakini hawaji wote juu ya masafa yako. Huyu yuko hezi 150 juu, yule 200 chini, redio ya mwingine imepata joto imehama. Filta ya 500 inakupa 250 kila upande, unawasikia. Mimi niliita, nikasikiliza, kimya. Nikaita tena, kimya. Nikasogeza nobu kwa kubahatisha, nikakuta watu wananiita kwa pupa pembeni, nisiwasikie! Nikajua hii si 500.

Nikaifungua redio tena. Nikabandua ile stika kwa ukucha, taratibu, isichanike. Chini yake kulikuwa na maandishi ya kiwandani, yamechapwa kwenye bati, yanasomeka vizuri tu: 250.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Mtu akikosea kuagiza, nitaelewa. Stika juu ya namba si kosa, huo ni udanganyifu.

Nikaenda dukani. Kijana yule ni wa umri wa mwanangu. Hakunisalimu, hakunyanyua macho kwenye simu. Nikaweka kijisanduku mezani, nikaweka na stika kando yake. Akatazama, akasema, “Babu, nyembamba ndiyo kali. Nimekupa ya bei ya juu kwa bei ya chini, badala ya kushukuru waja kunipigia kelele.” Nikamwambia kwa upole kwamba sikuomba kali, niliomba 500, nirudishie au nibadilishie. Akasema imeshafungwa kwenye redio, si yake tena. Halafu, mbele ya wateja: “Kwani siku hizi nani anapiga hizo tii-tii-taa? Si umpigie mtu wako WhatsApp yaishe?” Watu wakacheka. Mimi nimezaliwa Mombasa, najua utani na najua dharau, na ile ilikuwa dharau. Nikachukua vitu vyangu nikatoka.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua kuwaandikia wenzangu kwamba filta ya 250 haifai hata kwa shilingi moja, wasiiguse. Neno hilo nalifuta. Nalifuta kwa shingo upande, lakini haki ni haki.

Majira ya kusi yalipoingia, radi zikapungua. Usiku mmoja, kama saa nne na nusu hivi, huko New Zealand kunapambazuka, nikamsikia ZL mmoja, yaani stesheni ya huko, kwenye mita 40, mdogo, wa kutetemeka. Hezi 300 kando yake kuna Mzungu wa Ulaya anafyatua Morse kwa nguvu zote. Usiku huo filta nilikuwa nimeitoa. Nikajaribu kichujio cha kidijitali kilichomo ndani ya redio, kile kinachosafisha sauti mwishoni. Mlio wa Mzungu uliondoka masikioni, lakini ZL naye akawa anazama na kuibuka kwa mapigo ya Mzungu. Sababu ni kwamba kichujio hicho kinakaa nyuma ya AGC, sehemu inayoibana redio yenyewe ikipata mawimbi makali. Humsikii tena mwenye nguvu, lakini redio bado inamsikia, na kila akibonyeza kipigio inajibana. Filta ya kweli, ya kuchomeka kwenye 455, inakaa mbele ya AGC, hivyo mwenye nguvu anazuiwa mlangoni kabla hajaharibu kitu.

Nikairudisha 250 mbio mbio. Mzungu akatoweka. ZL akabaki peke yake, nukta na mistari yake imesimama. Nikamwita, akanijibu, akanipa ripoti ya 559, yaani nasomeka vizuri ila nguvu ni ya wastani. Hezi 300 kando, filta ya 500 ingeacha mabaki ya yule jirani yapenye ukingoni. Ile ya 250 haikuacha kitu. Nilipiga kofi mezani hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo filta yenyewe ni nzuri sana, wallahi. Lakini nikikumbuka ile stika, damu inachemka upya, na nasema bado sikupaswa kuipata kwa njia ile. Usiku kama ule wa ZL ni wa kuhesabu. Usiku wa radi, wa tuktuk, wa kuitwa na kundi, ndio mwingi, na nafasi ni moja. Mtu anayeanza achukue 500. Hiyo 250 iwe ya pili, ya mtu anayejua ataitumia lini na yuko tayari kuhangaika na skrubu. Wenye redio mpya zinazobadilisha upana kwa kuzungusha nobu, hili haliwahusu.

Ile ya 500 nimeshamwagiza jamaa yangu wa melini, nayo ndiyo itakayokaa ndani msimu wa mvua na wa mashindano. Ya 250 siuzi. Kwa yule kijana sirudi, na radhi bado namdai. Stika yake iko kwenye bahasha pamoja na risiti. Anayefikiria kuagiza kwake aje nimwonyeshe mwandiko.