Nati walinikazia, bolti mbovu wakaniachia mle mle

Kama mwapeleka chombo kwenye ile yadi ya kutengeneza mashua kwa ajili ya rangi, sina neno. Rangi wanajua kupiga. Lakini ikiwa ni bolti za mkuku, ule uti mzito wa chini ya chombo, tafadhalini pitieni mbali.

Changu ni mashua ya matanga ya faiba, ya miaka ya 1970, mkuku wake wa chuma umefungwa kwa bolti. Kusi ilipoanza kutulia niliona kutu ikichuruzika pale mkuku unapokutana na mwili wa chombo, na ngama, pale chini ndani maji yanapokusanyika, ikawa haikauki. Nikawapelekea. Kijana akashuka na spana, nati zikazunguka bila taabu, akazikaza zote, zikamwagiwa gundi nyeupe juu, nikaletewa bili. Nikamuuliza msimamizi, "Zimelegea kwa nini?" Akanijibu mbele ya vijana wake, macho kwenye simu: "Mzee, nati ikilegea hukazwa. Wataka kusomeshwa?"

Ndiyo, nataka! Chombo ni changu na wanaopanda ni watu.

Nati ya mkuku hailegei hivi hivi. Mara nyingi kilichobanwa ndicho kinachopungua. Baadhi ya mashua za zama hizo zina mbao iliyofichwa ndani ya faiba, chini ya washa, kile kisahani kinachokaa chini ya nati. Maji yakipenya mbao inaoza, washa inazama, bolti haishiki tena. Kila ukigeuza tanga mzigo wa mkuku unahamia upande wa pili, na huku kwetu bamvua likitoa maji ukapwelewa juu ya fungu, uzito wote wa chombo unaegemea hapo hapo. Gundi ya kwenye kiungo inachanika, maji ya chumvi yanaingia na kutuama. Chuma cha pua cha bolti nacho hujilinda kwa hewa. Kwenye chumvi iliyotuama isiyo na hewa kinaliwa kimya kimya. Bolti ya namna hiyo ukiikaza kwa nguvu waweza kuikata kabisa.

Fundi mwingine, wa Mtwapa, aliushusha mkuku akanipa bolti moja mkononi. Juu inang'aa, meno yake safi. Katikati, pale kwenye kiungo, imebaki kiuno cha nyigu. Nilipitisha ukucha kwenye vile vishimo, jasho likanitoka. Na chombo hicho, baada ya "kukazwa", kilishatupeleka Shimoni na wajukuu wangu!

Mei 2014 yoti ya Uingereza, Cheeki Rafiki, ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki ikirudi kutoka Antigua. Mabaharia wanne walikufa. Wachunguzi walieleza kwamba huenda kukwama kwake chini huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, ndiko kulikodhoofisha mahali mkuku uliposhikiliwa. Kwa hiyo msiniambie haya ni mambo ya kukaza tu.

Nilikuwa nataka kusema yule msimamizi ni mjeuri, basi, na vijana wake hawajui kazi. Lakini yule mwenye spana nilimsikia akimwambia mwenzake, "Hizi zingetolewa." Walijua! Na ule mstari wa kutu waliupiga rangi nzuri kabisa, usionekane. Basi hata kwa rangi msiende.

Pesa za kukaza nimezidai. Simu yangu hawashiki.